Mikono Themanini ya Kushoto

Niseme mapema tusije tukasumbuana: mimi ni mkataji, si mshonaji. Majirani wa mtaa wetu wa Tena wamenizoea miaka yote hii, na bado ananijia mtu na suruali iliyopasuka matakoni, ati Mama Eve nitilie uzi kidogo hapa. Simtilii. Kushona najua, lakini kazi yangu ni ile inayotangulia. Kitambaa kikiwa bado jora, mimi ndiye nakitandaza mezani tabaka juu ya tabaka, napanga juu yake patani, zile karatasi za mfano, nakichora kwa chaki, nakikata vifua, migongo na mikono, ndipo fundi wa cherehani anapata cha kushona. Nikipinda mimi, nguo mia zinapinda. Ndiyo maana wakataji wengi ni watu wa hasira, nami sijitoi.

Miaka kumi na minne nilikata nguo katika kiwanda kimoja cha Viwandani, meza ya nne, chini ya msimamizi anayeitwa Githinji. Nilikuwa na barua ya ajira ya kudumu, niliiweka kwenye bahasha pamoja na cheti cha ndoa. Basi miaka miwili iliyopita wakatukusanya uani, wakasoma majina thelathini na mawili, langu likawa la tisa, na kabla ya saa sita tulikuwa nje ya geti tumeshika vikombe vyetu vya chai. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nikakasirika. Siku ya tatu nikafunga makasi yangu kwenye leso, nikashuka Gikomba kuuliza ni nani anataka mkataji.

Walinitaka. Sisemi kwa kujisifu. Au tuseme najisifu, kwani kuna ubaya gani? Mwaka haujaisha nilikuwa na karakana sita zinazonipigia simu, Gikomba, Huruma na Majengo, na kuna wiki nilikuwa nakataa kazi. Lakini pia kulikuwa na wiki ambazo simu ilikaa kimya mpaka najipigia kwa simu ya mtoto nione kama laini inafanya kazi. Wiki hizo mume wangu Naftaly hakusema neno, alinitazama tu, na kutazama kwake kulinikera kuliko kusemwa.

Naftaly ni karani wa stoo katika duka la vifaa vya ujenzi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yake ni ya kudumu na yeye mwenyewe ni wa kudumu: kiti kilekile, kalamu ileile, chai ya saa nne isiyo na sukari. Mwezi ukiisha mshahara unaingia, kunyeshe kusinyeshe. Mtu wa namna hiyo ukimwambia wiki ijayo hujui utakata wapi, analala kama aliyekunywa kahawa.

Kwa hiyo Githinji aliponipigia Ijumaa jioni, aliyefurahi zaidi hakuwa mimi.

"Wakiuru, bado mkono uko?" akaniuliza.

"Mkono uko. Na mdomo pia uko."

Akacheka. Akaniambia imetokea nafasi ya mkataji, si kibarua, ni ya kudumu, na jina langu ameliweka mbele ya wengine wawili. Jumatatu saa mbili kamili asubuhi niwe ofisini na kitambulisho nisaini barua.

Sikujidai. Niliitaka ile nafasi. Niliitaka kwa ajili ya zile wiki za simu kimya, na niliitaka pia kwa sababu wale walionitoa nje na kikombe mkononi ndio sasa walionirudia. Naftaly alizima redio. Akampigia dada yake Sally, anayekaa Kayole, na Sally akatuombea papo hapo simuni, sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa kumtoa wifi yake katika hangaika hangaika. Hilo la hangaika hangaika nililisikia, nikalimeza kwa sababu ya furaha.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Majengo kwa Habibo. Habibo ni mfanyabiashara wa sare za shule, mzaliwa wa hapo hapo Majengo, mama wa watoto wanne, na kwenye kazi hana mzaha. Ana vyumba viwili, cherehani tatu na meza moja ndefu ya kukatia ambayo naipenda kuliko viti vyangu vya nyumbani. Alikuwa amepata oda ya bleza arobaini za kijani za shule ya sekondari ya binafsi iliyokuwa inafungua Jumatano. Mpango wangu ulikuwa mzuri: nikate zote siku hiyo, niwaachie mafundi washone, na Jumatatu niende zangu Viwandani.

Nilimwambia habari ya kazi kabla hata sijavua koti. Nilimwambia kwa sauti, mafundi wasikie.

"Mashallah," akasema Habibo. "Wamekuandika tena. Basi nikatie hizi vizuri, unikumbuke."

Sasa nieleze kidogo. Kitambaa cha bleza kina uso na kina mgongo. Uso una manyoya mafupi, ukipitisha kiganja unasikia. Mgongo ni mkavu. Ukitandaza matabaka uso kwa uso, ukikata mara moja unapata jozi, kifua cha kulia na cha kushoto, mkono wa kulia na wa kushoto. Ukiyatandaza yote uso juu, patani ileile inakupa upande mmoja tu. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hilo. Lakini kiwandani palikuwa na watu wawili ambao kazi yao ni kutandaza. Miaka kumi na minne nilikuta meza iko tayari, mimi nawasha mashine tu. Huku nje natandaza mwenyewe, na huwa nahakikisha kila tabaka kwa kiganja.

Siku hiyo sikuhakikisha. Mikono ilikuwa Majengo, akili ilikuwa Viwandani. Nilikuwa najiuliza nivae viatu gani Jumatatu, na nitaingiaje kwenye lile geti mbele ya walinzi walionifungulia nikitoka. Migongo nilishaikata salama. Nikageukia vifua na mikono, nikatandaza matabaka themanini kwa mafungu ya saizi, yote uso juu, nikapanga patani, nikakata. Na nilikata vizuri! Kona zilitoka safi. Nilisimama nikazisifu.

Fundi Nzomo alichukua mafungu ya kwanza akaketi nayo kwenye cherehani. Baada ya dakika chache akaniita.

"Mama Eve, nipatie za kulia."

"Ziko hapo hapo."

"Hapa zote ni za kushoto."

Nikamcheka. Nikamwambia avae miwani. Nzomo ni mtu mpole, hakubishana. Akasimama, akajiwekea vifua viwili kifuani, kimoja kikamkaa sawa, kingine kikageuza mgongo wa kitambaa nje. Akachukua vingine viwili. Vilevile. Nikamsukuma kando, nikapekua mafungu yote mpaka chini kabisa. Vifua themanini vya kushoto. Mikono themanini ya kushoto.

Kiwandani kosa lilikuwa na mahali pa kwenda. Lilikwenda kwa watandazaji, au kwa zamu iliyopita, au kwa stoo, na likizunguka siku mbili tatu lilikuwa limeshapoteza mwenyewe. Nakiri kwamba pale niliposimama nilitafuta wa kumpa. Jora lilikuwa limekunjwa vibaya, ningesema. Mwanga ni hafifu, ningesema. Nzomo alikuwa ananitazama, na najua asingesema kitu. Nikaona aibu hata kwa kufikiria.

Nikaenda chumba cha mbele.

"Mama Awale, nimeharibu," nikamwambia Habibo. "Vifua vyote na mikono yote nimekata upande wa kushoto. Ni mimi, si mtu mwingine."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alichukua mkono mmoja, akaugeuza, akapapasa ule mgongo mkavu, akaurudisha.

"Nitapeleka shuleni watoto wenye mikono miwili ya kushoto?"

"Hapana."

"Kijani hiki kimeisha, wallahi. Jora la mwisho ni hilo. Na Jumatano wanafungua." Akaketi. "Inarekebishika, au hairekebishiki? Usinifurahishe, niambie."

Nikarudi mezani nikafikiri. Palikuwa na kitambaa nilichokiweka kando cha kola, mifuko na vile vipande vya ndani vya kifua. Hicho kingetosha vifua vya kulia arobaini, kwa kubana sana. Kisha kola, mifuko na vipande vya ndani, kwa kuwa ni vidogo, ningevitoa ndani ya vifua vya kushoto vilivyozidi. Mikono ya saizi kubwa iliyozidi ingenipa mikono midogo ya kulia. Mikono ya kulia ya saizi kubwa ningeiunga vipande viwili, mshono ukapita chini ya kwapa ambako hakuna mwalimu anayekagua. Lakini kazi hiyo haikatwi kwa mafungu. Ni kipande kimoja kimoja, kwa makasi, patani unaisogeza mpaka ipate pa kukaa.

"Inarekebishika," nikamwambia. "Kesho siku nzima, na Jumatatu mpaka jioni."

Nikajisikia nikisema Jumatatu.

Habibo naye alisikia. "Jumatatu si ndiyo wanakuandika? Nenda kazi yako, mama. Nitamwita Aden wa Gikomba amalizie."

Aden namjua. Ni mkataji mzuri wa shati. Ungempa ule mseto wa vipande, angevimaliza vyote kabla ya saa nne na bleza zisingefika ishirini. Na hata kama angeweza, kosa langu limaliziwe na mtu mwingine, mimi nikiwa Viwandani nasaini barua?

"Mama Awale, usimwite mtu," nikasema.

Nilitoka nje nikampigia Githinji, nikamwomba anisogezee iwe Jumanne. Siku moja tu. Akaniuliza ni mtu gani anaomba ruhusa kabla hajaandikwa. "Jumatatu saa mbili, Wakiuru. Usipokuja nampa wa pili. Mimi pia nina wakubwa." Hakukosea. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Nyumbani jioni ile hakukulika. Naftaly alinisikiliza mpaka mwisho, mkate mkononi.

"Lipa kitambaa," akasema. "Omba msamaha, lipa, uende kazini."

"Kitambaa hakipo cha kulipia. Kimeisha."

"Kwa hiyo unaacha kazi ya kudumu kwa sababu ya bleza? Bleza, Mama Eve?"

"Habibo hana barua yangu," nikamwambia, na sauti ilikuwa imeshapanda. "Hana saini yangu. Alinipa jora zima la kitambaa kwa kuwa nilimwambia nitamkatia, basi. Nikimwachia vipande nikakimbia, kesho nitakata nguo za nani?"

"Kesho utakuwa kiwandani!"

"Nilikuwa kiwandani, Baba Eve. Jina la tisa."

Aliweka mkate chini, akaenda kulala akageukia ukuta, na mimi nikabaki nimekasirika kwa sababu nilijua kwamba hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaogopa. Hata mimi nilikuwa naogopa.

Jumapili yeye na Eve walikwenda kanisani, mimi nikaenda Majengo. Nilikata mpaka kidole gumba kikaota lengelenge la makasi. Habibo alinitengea kahawa ya tangawizi pembeni, akanikumbusha kwamba siku hizi mbili halipi. Nikamwambia sikuomba. Tukaendelea.

Jumatatu nilifika saa kumi na mbili na nusu. Nilijiambia sitaangalia saa, nikaiangalia kila baada ya kifua kimoja. Saa mbili kamili nilikuwa kwenye tundu la kwapa la mkono wa kulia, pale penye mviringo, na simu ikaanza kulia mfukoni mwa aproni. Kwenye mviringo makasi hayasimami. Ukisimama, kitambaa kinafanya jino. Ililia mpaka ikachoka. Ikalia tena. Nilimaliza ule mviringo, nikauweka mkono juu ya wenzake, ndipo nikampigia.

"Wa pili amesaini," Githinji akasema. Hakusema kwa ubaya. "Una kichwa kigumu wewe."

"Ndicho kilichokufanya unikumbuke. Asante, lakini. Kweli asante."

Nilikata simu, nikageukia dirishani mafundi wasinione, nikatoa machozi, si mengi. Yalikuwa ya uchungu, sitayapamba. Miaka ijayo nitakuwa na wiki za simu kimya, na nitakumbuka kwamba saa mbili ya Jumatatu ile nilikuwa na pa kwenda. Kisha nikajifuta na aproni, nikachukua kipande kingine.

Kama saa saba hivi, mlango ulitiwa giza na mtu. Nikainua kichwa nikamwona Naftaly, amefika kwa kuulizia njia. Alikuwa katika likizo yake ya mwaka, wiki mbili za kulipwa bila kufanya kazi, kitu ambacho sisi wa huku nje tunakisikia tu. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuja kugombana. Habibo akamkaribisha, "Wewe ndiye Baba Eve? Karibu, karibu ndani," na adabu ikamziba mdomo. Akasimama kando ya ukuta, kofia mkononi.

Nikaendelea. Sikuwa na nafasi ya kugombana. Nilikuwa na mkono mkubwa wa kushoto mezani, na ndani yake nilitakiwa nitoe mkono mdogo wa kulia. Nikaweka patani, haikukaa. Nikaizungusha, ikagusa mkato wa zamani. Nikaishusha upana wa kucha, nikapapasa uso wa kitambaa kwa kiganja, manyoya yakaelekea chini yanavyotakiwa, nikachora, nikakata. Ukatoka. Nikachukua mwingine.

Katika ndoa ya miaka kumi na saba Naftaly hakuwahi kuniona nikikata. Kiwandani mgeni haruhusiwi kupita geti, na tangu nitoke kiwandani hakuwahi kuuliza naenda wapi hasa. Alitazama mikono kama kumi ikitoka, akasogea mpaka mezani.

"Hiyo umejuaje kwamba itaingia?"

"Nimeona."

"Mimi sioni."

"Wewe ni karani," nikamwambia. "Shika hapa. Kaza. Usivute. Baba Eve, nimesema usivute!"

Nzomo akacheka cherehanini. Naftaly akaacha kuvuta. Alishika ncha za kitambaa, akaokota mabaki, akayapanga saizi kwa saizi kama anavyopanga misumari kule stoo, na kwa kweli alipanga vizuri. Saa tisa nilikuwa nimebakiza mikono michache ile ya kuunga vipande viwili. Nikamwita Habibo nikamwonyesha mshono utakapopita, ili asije akaukuta siku moja akadhani nilimficha. Akauinamia, akaukubali.

Saa kumi Nzomo akatoa bleza ya kwanza iliyokamilika, saizi kubwa kuliko zote. Habibo akaichukua kwanza. Aliipekua kola, akaigeuza ndani nje, akavuta kwapa, akapapasa kifua cha kulia na cha kushoto kwa viganja viwili kwa pamoja. Alikuwa anatafuta kosa, na nilimwacha atafute. Hakupata. Hakunisifu. Alisema Ijumaa kuna sketi za bluu, nije mapema, kisha akamgeukia Naftaly.

"Baba Eve, hebu vaa tuone mikono."

Naftaly ana miaka hamsini na moja na mvi za kutosha. Alivaa bleza ya kijani ya shule, ikambana mabega, akainua mikono juu, akaishusha, akaikunja. Yote miwili ilimkaa sawasawa. Mafundi wakapiga makofi. Nilimtazama mume wangu amesimama pale ndani ya kazi yangu, na nilijisikia mtu, nasema wazi. Siku waliponiandikia ile barua ya kwanza sikujisikia hivyo.

Simu yake ikalia, naye bado hajaivua bleza. Alikuwa Sally. Sauti ya Sally haihitaji kipaza sauti, tuliisikia sote.

"Vipi huko? Wifi ameandikwa?"

Naftaly akanitazama. Nilikuwa nimeshika makasi, chaki mpaka kwenye nyusi.

"Yuko kazini," akasema.

"Asifiwe Bwana! Kwa hiyo amesaini?"

"Hajasaini kitu, Sally. Hajaenda huko. Nakwambia yuko kazini, niko naye hapa, namwona kwa macho yangu."

Sally akaanza kuuliza jambo lingine refu. Naftaly akamwambia atampigia kesho. Akavua bleza taratibu, akaitundika, akakunja mikono ya shati lake, akaniuliza ni vipande vingapi bado.